Ndoo ya Dotto

Kwenye boti ya kutoka Mwamgongo, Mzee Telesphory, akirudi kwake Gungu, alikaa nyuma ya kina mama wawili wasiojuana. Merina, muuza dagaa, alikuwa anakwenda Gungu kumtoa binti yake Dotto shule ya ngoma.

"Nilimpeleka Dotto wangu akacheze, mwenzangu. Nasikia anachoteshwa maji ya wazee."

"Ndiyo ada yetu, dada," akajibu Winfrida, ambaye kumbe ndiye mwalimu mwenyewe. "Ngoma inapigwa, wanapanda kilima wakicheza na ndoo kichwani. Asiyemwaga ndiye anayesimama mbele siku ya maonyesho."

"Kwani mabomba hakuna?"

Yapo, aliwaza Telesphory. Wakubwa waliyakatia utepe, wakasahau kuyatia maji. Tangu mkewe afariki, maji yake huingia uani yakicheza, kichwani mwa watoto hao.

Akashindwa kunyamaza. "Dotto yule mwenye pengo? Huyo hajamwaga hata tone mlangoni kwangu."

Merina alitaka kununa, mdomo ukamkatalia. "Hata tone, mzee?"

Boti ikagusa mchanga. Merina akajitwika beseni lake, akashuka majini.

"Bado namtoa," alisema, huku kiuno kikienda kwa mdundo, na dagaa hata mmoja hakudondoka.