Sikio, Fundi wa Fuwele

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951. Hapana, mnisamehe, ni 1952. Mwaka 1951 upepo uliezua paa letu, naye alizaliwa chini ya paa jipya. Alikuwa kitinda mimba. Tulimwita Sikio, maana akitumwa kikombe dukani alivigonga vyote kwanza, kisha akamwambia muuzaji, "Hiki kina ufa, mjomba, usimpe mtu."

Mimi shule niliishia darasa la nne. Yeye alimaliza kidato cha nne mwaka 1970, akasomea ufundi, na 1973 akaajiriwa chuo kikuu, maabara ya baridi kali.

Kazi yenyewe alinieleza hivi: utando mwembamba wa heli, gesi iliyopozwa hadi ikawa maji, unawekwa juu ya fuwele inayotetemeka. Fuwele inaelemewa, mtetemo unapungua kasi. Baridi ikizidi mno, heli inaacha kushikamana nayo, inateleza bila mkwaruzo wowote. "Hapo fuwele inatetemeka upesi tena, kaka, kama imetua mzigo, na mzigo bado uko mgongoni."

Aliliona hilo tarehe 14 Machi 1977, akaliandika daftarini. Mkuu wa maabara akaandika chini yake kwa wino mwekundu, "Fundi amegonga meza," yaani mtetemo ule ni kosa lake tu, akatia saini, akamhamishia stoo ya chupa. Sikio akaondoka na daftari kwapani. Mwaka 1979 mkuu alitangaza jambo lilelile kwa jina lake mwenyewe, akavishwa nishani. Dada alikaa stoo hadi alipostaafu 2007.

Aliolewa 1980 na fundi saa, ambaye hunitania hadi leo: "Shemeji, dada yako alizipenda fuwele za saa zangu, mimi nilikuwa nyongeza."

Figo zilianza kumsumbua 2017. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla alinishika mkono: "Mkuu akija mazikoni, usimfanyie fujo."

Sifanyi. Nimempa kiti cha mbele na kijitabu hiki cha mazishi kama wengine. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zimekuwa miaka. Fungueni ukurasa wa nne. Ndilo lile daftari, na nilimsihi mpiga chapa wino mwekundu ubaki mwekundu. Tutamngoja anayetafuta miwani.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, nami kaka yake. Ardhi impokee taratibu, apumzike.

Nawe mkuu, nilikuandikia 1979, nikakuandikia tena 1992, hukunijibu. Nakuuliza mbele ya jeneza: kama dada yangu aligonga meza, wewe uligonga nini?