Darasa la Hapana

— Jamani, mnaweza kusogea kidogo?

Hakuna aliyesogea. Wazee watatu wa benchi walikuwa na shughuli nzito asubuhi hiyo: kujadili upole wa huyo huyo aliyeuliza. Muuza kahawa wa kona ile walimbandika jina la Haidhuru, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo. Muuza viatu alimwomba hatua moja ya nafasi, haidhuru. Muuza miavuli akaomba mbili, haidhuru. Sasa jiko lake lilikuwa ukingoni mwa mtaro, mguu mmoja juu ya tofali. Juzi birika lilipinduka likamuunguza, na leo alikuwa amevaa kiatu mguu mmoja, bandeji mguu wa pili. Saa nne angekuja muuza makava ya simu na meza yake. Naye aliomba hatua moja tu. Nyuma ya Haidhuru, hatua iliyobaki ilikuwa ya majini.

— Wema wako umezidi kipimo, mwanangu, alisema Kipimo, fundi nguo mstaafu, huku akinyoosha kikombe aongezewe. Nguo ikizidi urefu inaburuta, watu wanaikanyaga. Kwa kila mema matatu, tia baya moja. Kama pindo.

— Baya gani, baba? Haidhuru akauliza, akimimina.

— Lolote. Mtu akikusalimu, nyamaza.

— Wapi! akadakia Wakili. Jina hilo alilipata kwa kuuza bahasha mlangoni pa mahakama. Ndani aliingia siku moja tu, kukwepa jua. Hapa ni kupanga siku, akaendelea. Jumatatu hadi Alhamisi, malaika. Ijumaa usimjue hata mamako. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Sasa hiyo inaingiaje? Haidhuru akauliza.

— Ulimwengu ndio Ijumaa.

Bondia, mchukuzi wa magunia ambaye hajawahi kugombana hata na nzi, alitikisa kichwa kwa masikitiko.

— Mnamchelewesha bure. Dada, ng'ata mtu.

— Eti?

— Mmoja tu. Habari itatembea yenyewe, mwaka mzima hatakuja mtu kukuomba nafasi. Ila haraka haraka haina baraka.

— Maana yake?

— Ung'ate taratibu.

Kipimo akapiga makofi. Darasa lianze.

— Mimi ndiye muuza makava. Dada, nipishe hatua moja.

— Ha... hapana, baba.

— Ehee! Mmemsikia?

— Lakini kama una haraka, haidhuru.

Benchi zima likaguna.

— Rudia! Wakili akaamuru, kikombe mbele. Mimi huyu hapa: niongezee kahawa.

— Hapana.

— Aa! Mimi nataka kahawa kweli, bwana!

Haidhuru akamwongezea. Lakini moyoni alishangaa: kumbe lile neno halikuwa na uzito wowote. Lilitoka jepesi kama kifuniko cha birika.

Msichana mmoja mpita njia, mafaili kwapani, alikuwa amesimama kusubiri kikombe chake, akilitazama lile jiko la ukingoni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba! wakaitika kwa pamoja.

— Samahani, mimi mgeni. Hili jiko, mwanzo kabisa, lilikuwa wapi?

Wakili akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Bondia akavuta mguu polepole, akafunika kitu.

Haidhuru akainama. Chini ya benchi, juu ya saruji, kwenye kivuli cha paa la duka, duara jeusi la masizi lilikuwa bado lipo, katikati ya viatu vya Bondia. Mwaka juzi wazee walimwomba wajibanze hapo na benchi lao mpaka mvua ipite. Akasema haidhuru. Mvua ilikatika jioni ile ile.

Muuza makava akatokeza, meza kichwani.

— Ndiye huyo! Wakili akanong'ona. Sema sasa, usimwonee haya!

— Ng'ata, Bondia akasaidia.

Haidhuru akachukua birika. Akawajazia vikombe vyote vitatu mpaka tone la mwisho, kwa kuwa ndio waliomkimbiza zahanati juzi alipoungua. Kisha akalishika benchi upande mmoja.

— Wazee wangu, kahawa hii mtainywa wima. Naomba mnyanyuke.