Hesabu ya Refa

Lori lilipoiacha kambi ya karanga ya Nachingwea, Ashura alikuwa juu ya magunia, kajifunika kaniki hadi puani. Mbele yake dereva wa trekta na mzee wa Chinongwe, watu asiowajua, walikuwa wakibishania ngumi za Jumamosi.

"Refa alimpendelea Saadi," alisema dereva. "Alipoanguka, alihesabiwa polepole kama mtoto anayefundishwa kusoma. Mwenzake alipoanguka, tisa ilifika hata hajageuka."

"Upendeleo gani huo, mwanangu?" alijibu mzee. "Angemhesabia upesi, pambano lingekwisha, naye angerudi kwake kwa miguu yake. Alimpa nafasi ya kuinuka ili apigwe tena."

"Haki ni haki, mzee. Hesabu iwe moja kwa wote."

"Mwambie maiti hayo."

Ashura aling'ata ncha ya kaniki. Saadi alikuwa mumewe. Walimzika Jumapili kulekule kambini, na hakuna mkubwa yeyote aliyemweleza alikufaje.

"Alipoinuka, uwanja mzima ulilipuka kwa makofi," dereva alisema. "Hata mimi nilipiga."

Ashura alitaka kumuuliza kama Saadi alionekana anajua alipo, lakini akaivuta kaniki hadi machoni. Lori likasimama Mandawa. Mzee, naye akishukia hapo, akamshushia furushi lake, akauliza kwa upole, "Unafikia kwa nani, binti yangu?"

Kabla hajajibu, mama mkwe wake alikuja mbio kutoka kwenye mikorosho, akilia, "Saadi wangu! Ashura, umemwacha wapi Saadi wangu?"

Mzee alibaki ameshika furushi. Dereva wa trekta aliinamisha kichwa, na lori likaondoka naye.