Pacha wa Filtre ya Zamani

Pale Essence, mjini Bukavu, barabara inapoelekea Panzi, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha maman Colette, na hakuna jambo la dunia hii lililopita hapo likaondoka bila kuhukumiwa. Maman Colette hupika kahawa yake ndani ya sufuria kubwa, huitia tangawizi mpaka koo liombe msamaha, kisha huwaachia wanaume waharibiane majina. Ijumaa ile jioni kesi ilikuwa nzito, na mshitakiwa alikuwa ameketi katikati ya benchi, suruali imelowa mafuta mekundu hadi magotini. Huyo ni Elysée, fundi wa magari, ambaye benchi lilimbatiza Clé Douze kwa sababu hata kanisani huenda na spana namba kumi na mbili mfukoni. Nyuma yake ilisimama pikapu kuukuu ya papa Barthélemy, mawe chini ya magurudumu isije ikarudi nyuma. Kila aliyepita aliitazama pikapu, kisha akamtazama Elysée.

Mchana wa siku hiyo Elysée alikuwa amebadilisha filtre ya boîte automatique, yaani chujio la mafuta ndani ya giaboksi ile inayojibadilishia gia yenyewe. Pikapu ilikuwa ikihema kila ilipokutana na kilima, na kesho yake ilitakiwa kupeleka madumu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa wakwe huko Nyangezi, papa Barthélemy akimsindikiza binti yake Merveille. Ilitoka garage ikiimba. Ilipoanza tu kupanda kilima kikali, injini ikapiga kelele, magurudumu yakagoma, gari likateremka kinyumenyume mbele ya watu waliokuwa wakitoka sokoni. Elysée ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Aibu ile ilikuwa bado inamchoma masikio.

— Umeniulia gari, Clé Douze, papa Barthélemy alisema, na si mara ya kwanza. Kesho nikikosa kufika Nyangezi na kasiksi, njo weye utaelezea bakwe juu ya nini baba ya bibi-arusi alikuya mikono mutupu. Na Panzi muzima itajua ni garage gani ilifanya vile.

Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza. Garage ya Elysée haikuwa na ukuta wala kibao. Ilikuwa na jina lake tu.

— Papa, nilikosea wapi? Nionyeshe! Elysée akatoa filtre ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, ikidondosha mafuta, akaibwaga juu ya benchi. Carter nilishusha, ile sufuria ya chini inabeba huile, mafuta ya boîte, nikaiosha muzuri. Kaoutchouc ya zamani ya kuziba carter nilitoa, nikaweka mupya. Huile nilipima moteri ikiwa inazunguka. Na filtre nilinunua na échantillon! Na échantillon, papa!

Hapo hata papa Barthélemy alirudi kwenye kikombe chake. Bukavu mtu hanunui kipuri kwa maneno. Unafungua gari, unachukua kile cha zamani, unakibeba hadi dukani kiwe échantillon, na muuzaji anakilaza kando ya kipya. Vikifanana kama watoto wa tumbo moja, umepata. Anayenunua bila échantillon akipatwa na balaa, hata mama yake mzazi hamhurumii. Anayenunua nayo ni mtu wa haki, na mtu wa haki hatukanwi barabarani.

— Miye nilikuwa témoin, shahidi wa macho, alidakia Pascal. Huyu benchi linamwita Monseigneur, maana alikuwa sacristain, mtunza vyombo vya kanisa, zamani, na mpaka leo haongei bila kuinua vidole viwili.

— Niliziona zimelala pamoja juu ya comptoir, meza ya muuzaji. Urefu moja, mudomo moja, matundu moja. Magasin ya vipuri muzima ilisema copie conforme, sawasawa kabisa. Ni vile bazee balisemaka: mutoto wa nyoka ni nyoka!

— Asante, Monseigneur.

— Si kitu, mwanangu.

Upande wa pili wa benchi Bruno alikohoa. Huyo ni Journal Parlé, kwa kuwa habari zote anazo kabla ya redio, na nyingine redio haitazipata milele.

— Filtre haina kosa, alisema. Kosa ni ya huile. Angalieni suruali yake: nyekundu! Huile ya kweli iko nyeusi. Ile ni grenadine, maji ya sukari nyekundu, banachanganyaka na mafuta ya mawese.

— Huile ya boîte njo rangi yake! Elysée akafoka.

— Njo vile bauzaji balikuambia.

Journal Parlé akachovya kidole kwenye filtre, akalamba. Uso wote ukajikunja.

— Haina sukari, alikiri. Kumbe balitumia grenadine bila sukari. Bezi kweli kweli!

— Gari yangu haina shida ya sukari, papa Barthélemy alisema kwa uchungu. Hii gari nilinunua Luberizi, kwa mulimaji wa muchele, mutu anaogopa Mungu. Kule ilikuwa inabeba magunia kutoka mashamba mpaka ku barabara, haikuharibika, haikulala panne ata siku moja. Na wakati wa kuileta huku, ile mupando ya Ngomo niliipitisha juu ya camion, lori kubwa. Ilipanda mu mugongo ya camion kama chef! Sikutaka ichoke mu njia. Leo mutu anaichokesha mu muji!

— Basi njo fasi kosa iko! Vidole viwili vya Monseigneur vikapanda. Gari ya bonde haikubatizwa ya mulima. Automatique inajifikiriaka yenyewe, sivyo? Kitu inafikiri iko na roho. Kitu iko na roho inaogopa. Mugeni ni kuku mweupe! Tuite abbé aimwagie maji.

— Roho gani? Journal Parlé akasimama kabisa. Automatique banaiongozaka kutoka Japon, na satellite! Sasa huku ni saa kumi na moja ya jioni. Kule ni usiku wa katikati, bote balilala. Nani atakubadilishia vitesse, zile gia? Papa Barthélemy, asubuhi haikutembea?

— Ilitembea, papa Barthélemy akasema, macho yakimtoka.

— Basi!

— Japon? Elysée naye akasimama. Nimelala chini ya hii gari muchana muzima, huile inaniingia mu macho, na weye unaniambia Japon?

Angekuwa amefanya ovyo, angejua pa kuanzia kutubu. Lakini alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, na kama alivyofundishwa aliyemfundisha, halafu kilima kikamkataa mbele za watu. Wale waliomtetea walikuwa wabaya kuliko waliomshitaki: mmoja anamtaka padri, mwingine anawaamsha Wajapani. Jasho lake la ufundi hakuna aliyelitaja.

— Miye nitasema kitu munaogopa kusema, papa Barthélemy alinong'ona, akiinama juu ya kikombe. Ni bakwe. Kule Nyangezi kuko shangazi moja ya muchumba hakupenda Merveille wangu. Alifunga gari.

— Aliifunga na nini? aliuliza maman Colette, ambaye kawaida haulizi.

— Kama ningejua, si ningekuwa nimefungua?

— Penye bengi hapaharibiki neno, akasema Monseigneur, akinyoosha kikombe aongezewe, wakati neno lenyewe lilikwisha kuharibika kitambo.

Ndipo alipotokea tantine Georgette, dada mdogo wa papa Barthélemy, kitenge kimefungwa kikazi, mikono ingali inanuka ndizi mbivu. Hakuwahi kuketi kwenye benchi lile, wala siku hiyo hakuketi.

— Yaya, kaka yangu, bidons za kasiksi ziko ku mulango tangu muchana. Kasiksi haingojake bantu bamalize masolo, maneno ya benchi. Gari iko na nini?

Wakamjibu wote kwa mpigo. Akapewa grenadine, akapewa kuku mweupe, akapewa satelaiti na shangazi wa Nyangezi. Elysée aliposhindwa kuvumilia, alimwinulia ile filtre karibu na pua.

— Tantine, angalia weye mwenyewe. Ya mupya niliweka ni sawasawa na hii. Sawasawa! Hakuna tofauti ata ya ukucha!

Tantine Georgette akaitazama, akamtazama yeye.

— Na hii yenyewe, ilishapandishaka hii gari ku kilima?

Papa Barthélemy aligeuka kuitazama pikapu. Luberizi ni tambarare tupu, mpunga mbele, mpunga nyuma. Ngomo ilipanda juu ya mgongo wa camion. Na tangu ifike Bukavu, kila kilima kidogo ilihema, kikali haikuwahi kukijaribu, na yeye kila mara akasema ni uzee. Vidole vya Monseigneur vilishuka polepole. Journal Parlé alitazama juu, kwenye satelaiti zake, hazikumsaidia.

Elysée akaketi. Sasa aliiona ile carter kama alivyoiona mchana akiiosha: ina kina cha sufuria ya fufu. Na aliiona filtre mpya ilivyoning'inia huko juu, mbali na sakafu ya carter. Aliiona, akaipita, kwa sababu ya zamani nayo ilining'inia vile vile. Kwenye tambarare mafuta yanaifikia. Gari likiinua pua, mafuta yote yanakimbilia nyuma, na pale juu panabaki patupu.

— Inakunywa upepo, alisema. Carter ni ya shimo, filtre ni ya carter fupi. Kule Luberizi balikosea ya kwanza. Na miye nikaenda mu magasin, na témoin, kuitafutia pacha yake.

— Mutoto wa nyoka... Monseigneur alianza.

— Nyamaza, akasema papa Barthélemy.

— Donc, basi, hakuna shida, alisema Journal Parlé, akijifuta kidole kilicholamba mafuta. Turudi magasin mbele bafunge. Tulete ya ndefu.

— Na échantillon? Monseigneur aliuliza, na safari hii hakuinua kidole chochote. Mule ndani tutaonyesha nini? Ya muzuri hakuna mutu kati yetu alishaiona.

Wote wakatazama ile filtre ya zamani, ambayo iliendelea kudondosha mafuta yake bila wasiwasi. Tantine Georgette alishika kiuno. Elysée aliinuka kwa hasira ile ile aliyokuja nayo, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya. Akatoa spana mfukoni, akaongeza jiwe nyuma ya gurudumu, akapotea chini ya pikapu. Zilionekana kandambili tu.

— Maman Colette! sauti ikatoka chini. Niazime sufuria yako.

— Kahawa ingali ndani!

— Nashusha carter, huile itamwangika. Carter njo itakuwa échantillon, filtre ifike mu shimo yake. Mwaga.

Maman Colette akawatazama wale wanaume watatu, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Akaimwaga.