Mama Mipaka na Kiwanja cha Kaka Yake

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika idara yetu ya mipango miji, Afisa Mipango Mkuu wetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake limo katika barua nyingi za manispaa, lakini hapa mjini ni wachache wanaolitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meya mwenyewe, wote humwita Mama Mipaka.

Alianza akiwa karani wa kupokea maombi ya ujenzi. Akasoma masomo ya jioni, akapanda vyeo taratibu, na hata alipopewa ofisi yenye zulia hakuacha kwenda kuona viwanja kwa macho yake. Mabuti yake ya mpira yalikaa chini ya meza, na mwombaji aliyeleta ramani ya kupendeza kupita kiasi aliambiwa anyanyuke, waende wakaone wote. Katika ziara moja kama hiyo mbwa wa mwenye nyumba alimtimua, naye akajikuta juu ya tangi la maji, mkoba ungali begani. Dereva wetu alicheka hadi akakaa chini. Mama Mipaka, akisubiri kuokolewa, akaona kutoka huko juu kwamba ukuta wa nyumba ile umemeza nusu ya barabara ya mtaa. Taarifa yake aliianza kwa maneno "Nikiwa juu ya tangi." Ukuta ulibomolewa.

Mifereji ya soko kuu ni kazi yake, na watu wa mitaa ya mlimani wana barabara kwa sababu alikataa kunyamaza. Lakini ukituuliza siku ambayo hatutaisahau, wengi wetu tutataja kikao cha kiwanja cha ziwani.

Kaka yake mkubwa, fundi seremala, ndiye aliyemlea na kumsomesha wazazi wao walipofariki. Mzee huyo ana kiwanja kikubwa cha makazi kando ya ziwa, na miaka kadhaa iliyopita alileta maombi ya kukigawa viwanja sita, ili wanawe wapate pa kujenga. Nia ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa vile vitatu vya chini. Tulipochimba mashimo ya majaribio, maji yalijaa hata kabla mchimbaji hajaweka sururu chini. Vyoo vikichimbwa pale, uchafu ungeingia ziwani moja kwa moja, na mtaa mzima unachota maji humo humo.

Mama Mipaka alitangaza undugu wao mapema na kujitoa katika kushughulikia maombi hayo. Siku ya kikao akaketi nyuma kabisa, pamoja na wananchi. Tulidhani hilo limetosha. Kumbe tatizo lilikuwa sisi. Kila mjumbe alimwonea haya. Ripoti ya mashimo ilisomwa mbio mbio, jirani aliyekuwa akipinga akakatizwa, na mwenyekiti akasema mzee ni mtu wetu, hakuna haja ya kumsumbua. Mikono ilikuwa tayari kuinuka.

Akasimama kule nyuma, akaomba nafasi ya kusema.

"Mwenyekiti, huyu ni kaka yangu, na ndiye aliyenilea." Sauti yake, ambayo kwa kawaida husikika hadi kwenye maegesho, ilikuwa ndogo. "Kama mnampitishia kwa ajili yangu, mnaniaibisha. Mwacheni jirani amalize. Na hiyo ripoti isomwe tena, polepole."

Ikasomwa tena, na maombi yakakataliwa. Mzee alichukua kofia yake. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwambia dada yake mbele yetu sote, "Mdogo wangu, mimi nilikubeba mgongoni." Hatukujua tutazame wapi. Mama Mipaka alirudi ofisini, akafunga mlango, na siku hiyo hata chai hakunywa.

Baadaye mzee alileta ramani mpya: viwanja vitatu, vyote upande wa juu, vyoo mbali na maji. Alihudumiwa na afisa mwingine, na safari hii hakuna aliyepinga. Salamu tu kati ya ndugu hao ndizo zilizokataa kurudi. Kila Jumapili Mama Mipaka alikwenda kwa kaka yake. Wifi yake alimpokea na kumpikia chai, mzee akajifungia chumbani. Tulimshauri aache kwanza, mzee atapoa mwenyewe. Akatujibu, "Atapoaje kama hana wa kumnunia?"

Mambo yakaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Mwisho wake tulisimuliwa na wifi mtu. Jumapili moja mlango wa chumbani ulifunguka, mzee akasimama hapo na soksi tu miguuni.

"Bado unakuja tu?"

"Bado nakuja, kaka."

Mzee akasogea hadi pale alipoketi. "Basi sogea. Umekalia kiti changu."

Wana wawili wa mzee wameshajenga, wengine wamepata makazi kwingine. Kiwanja cha tatu mzee hakutaka kumpa mtu ila mdogo wake, naye alikataa katakata maadamu bado yuko kazini, watu wasije wakasema. Sasa amekubali. Msingi unachimbwa mwezi ujao, na tumesikia kwamba kaka mtu ameshaanza kuranda mbao za milango.

Mama Mipaka, ahsante kwa miaka yote uliyotusumbua kwa faida yetu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wasio na mbwa wakali. Karibu ofisini siku yoyote. Uje kunywa chai tu, si kutukagua.