Mita ya Umeme ya Marehemu Baba

Bwana asifiwe! Shikamooni wazee wangu wa jumuiya. Mimi ni Ndeshi, binti wa marehemu mzee Eliakimu wa hapa hapa Machame, yule niliyerudi kwa mama baada ya ndoa kuvunjika. Wengi mlinisema. Nimewasamehe, lakini mlinisema!

Ndugu zangu, kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Ile iliyokuwa ikiwakumbusha kina mama siku ya ng'ombe kupandishwa na siku ya kuzaa niliitengeneza mimi, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Basi wenye lile duka la programu mtandaoni wakaleta sharti: kila mtengenezaji athibitishe yeye ni nani na anaishi wapi, la sivyo programu yake inaondolewa. Kitambulisho cha taifa wakakipokea. Makazi je? Barua ya kijiji wakaikataa, wakataka karatasi ya umeme yenye jina langu.

Jamani! Nani huku mlimani ana mita yenye jina lake? Yetu ina jina la baba, na baba amelala pale mgombani. Kwetu jina la marehemu haliguswi, maana anayeligusa anakitaka kihamba, ardhi ya ukoo. Mimi kwa haraka zangu nikashuka Bomang'ombe, ofisi ya umeme, kuomba libadilishwe. Hata sijafika nyumbani, habari imeshanitangulia! Kaka yangu Elinami akapigia ukoo mzima simu, kwamba mtoto wa kike amekuja kunyang'anya ardhi. Akamwambia mama, "Huyo hana kwao hapa. Alishaolewa."

Ofisini wakasema bila ukoo kukubali hawaandiki, ombi langu likafia hapo. Programu ikaondolewa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Kule mtandaoni hawaamini ninaishi hapa, na hapa nilipozaliwa naambiwa si kwetu! Sikula, sikuoga, kanisani sikuja. Nilimwomba Mungu anichukue. Nalisema mbele yenu wote, ndugu zangu: nilitaka kufa.

Mama aliona. Hakunihubiria. Asubuhi moja akachuma jani la sale, lile tunaloombea radhi huku kwetu, akajifunga kanga, akavuka korongo kwa miguu mpaka kwa Elinami, na magoti yake mnayajua yalivyo. Mama kumpelekea sale mtoto aliyemzaa mwenyewe! Mmeona wapi? Akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Kama nilikosea kuzaa mtoto wa kike, mwanangu, nisamehe."

Elinami alipiga magoti akalia kwa sauti, majirani wakatoka nje. Ndiye aliyenipeleka ofisini, akamwambia karani, "Andika jina la dada yangu. Pale ni kwao."

Nisiwadanganye. Programu haijarudi. Karatasi nimeituma, jibu hakuna, na huenda lisije kabisa. Bado kuna asubuhi naamka sioni sababu ya kuamka. Lakini niko hai, Bwana ameniacha hai, na ninamshukuru!

Wewe uliyekata tamaa hapo ulipokaa, mtegemee Mungu hata kama bado huoni kitu. Nami nitakuja tukae wote, usikae peke yako. Na wewe uliyemfungia dada yako mlango wa kwenu, ondoka sasa hivi ukamfungulie. Usingoje mpaka mama yako akuletee sale.