Joho Lililoahirishwa Mara Mbili: Historia ya Mwalimu Kengele

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokaa nasi tangu Ijumaa, poleni na asanteni, na kama sauti ya msomaji itakatika katikati msishangae, maana ndani ya nyumba hii hakuna aliyelala vizuri. Msomaji ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia, na kazi hii amepewa kwa sababu dada zake wawili waliobaki wamelia hadi sauti zimekauka. Atasoma kama alivyo, mchovu, na anaomba mmvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, aliyekuwa karani wa posta, na mama yetu mshonaji, ambaye yupo hapa mbele yetu. Mliozaliwa wa kwanza mnajua, kwenye nyumba ambayo baba na mama wote wanatoka kwenda kazini, mtoto wa kwanza ni mzazi wa tatu, na marehemu alikuwa bado mtoto mdogo pale alipoanza kumbeba msomaji huyu mgongoni huku anapepeta mchele, anasahihisha hesabu za dada zake na kumjibu mgeni aliyebisha hodi. Kazi hiyo hakuwahi kuivua, na hata msomaji alipofikisha miaka arobaini na kitu, dada yake bado alikuwa akimpigia simu kumuuliza kama amekula.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 akamaliza 1976, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1982, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu Desemba 1984, na Januari 1985 akaanza kufundisha jiografia na hisabati. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na fundi umeme mmoja mpole, mwenye maneno machache na ahadi nyingi, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni mfamasia, na kijana ambaye ni fundi wa majokofu. Mwaka 1990 alikwenda chuo kikuu, akarudi na shahada yake mwaka 1993 akiwa na ujauzito wa huyo kijana.

Julai 2001 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa sekondari yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja, na hapo ndipo alipopata jina mnalomjua nalo wote. Kengele ya umeme ya shule iliharibika mwezi ule ule, na fundi aliyekuwa akiahidi kuja wiki ijayo, wiki ijayo, alikuwa mumewe mwenyewe, basi marehemu akawa anasimama barazani na kuita vipindi kwa sauti yake, na kengele ilipotengenezwa hakuna mwanafunzi aliyeijali tena, wote walimsubiri Mwalimu Kengele. Mumewe alifariki Machi 2006 kwa ugonjwa wa moyo, na tangu hapo marehemu alilea watoto peke yake, akamtunza mama, na kuendesha shule ambayo kila asubuhi ilikuwa na jipya, leo bomba limepasuka, kesho mpishi hakuja, keshokutwa mzazi amekuja juu anamtaka mwalimu wa fizikia. Waliowahi kuingia ofisini kwake wanakumbuka kitasa cha mlango kilivyolika kwa kushikwashikwa, maana mtu alikuwa hatoki hajaingia mwingine, na wote waliingia na neno moja, Mwalimu, nina shida.

Alisoma shahada ya pili jioni baada ya kazi, akaimaliza mwaka 2009, na tulidhani amekwisha kukata kiu, lakini Septemba 2010 alijiunga na masomo ya uzamivu katika uongozi, yale ya Jumamosi, kwa watu walio kazini. Mama alipoambiwa aliuliza, huyu anakwenda kufundishwa uongozi gani tena, si ameanza kuongoza humu ndani kabla hajaota meno ya ukubwani? Sisi wengine tulimwambia apumzike, akatujibu kwamba ndiyo anakwenda kupumzika, tukacheka, tukajua ni mzaha.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu wengi wenu mmeona watu wanne walioketi na familia mstari wa mbele na mmeulizana ni kina nani. Darasa lao lilianza na watu wengi, lakini mwaka wa pili ulipoisha walibaki watano, marehemu, Matroni wa hospitali ya wazazi, Mhasibu wa benki, Afande aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi, na Injinia wa mamlaka ya maji. Walikuwa wanakutana ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofungika na birika moja la umeme lililochemsha maji pale lilipojisikia, na lifti ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kiasi kwamba Mhasibu, mtu wa mwili, alikuwa akifika juu anainua mkono tu kusalimia na salamu yenyewe inakuja baadaye.

Walikuwa na utaratibu wao ambao hawakufundishwa na profesa yeyote. Aliyeandika sura ya tasnifu haruhusiwi kuisoma mwenyewe, inasomwa na mwenzake kwa sauti, na mwandishi anakaa kimya mpaka mwisho, hata kama anaumia. Sura ya kwanza ya marehemu ilisomwa na Afande, akaisoma kama anayemsomea mshtakiwa mashtaka yake, na marehemu alipokuja kutusimulia alicheka hadi akashika mbavu, akasema, nilikuwa nangoja tu aniambie nina haki ya kukaa kimya. Tasnifu yenyewe ilihusu uchovu wa walimu wakuu, kwa nini mtu mzima, hodari, anaacha funguo mezani katikati ya muhula na kwenda zake, na msimamizi wake aliposoma kurasa za mwanzo alimuuliza, mama, hawa uliowahoji ni wangapi na wewe ni yupi?

Na kabla ya kusoma chochote, walianza kwa kuulizana hali, mmoja mmoja, na kazi ilikuwa haihesabiki kuwa jibu. Matroni ametusimulia kwamba zamu ya marehemu ilipofika mara ya kwanza, alianza kueleza habari za bomba na mabweni, Matroni akamkatiza, akasema, dada, shule tumeisikia, sasa wewe mwenyewe je? Marehemu akalia, yeye ambaye kwenye msiba wa mumewe ndiye aliyekuwa akitugawia sisi vitambaa vya kufutia machozi.

Walikuwa pia na sharti moja, na sharti hilo aliliweka marehemu mwenyewe, kwamba hakuna atakayevaa joho peke yake, wameingia pamoja na watatoka pamoja. Lilikuwa sharti zuri hadi Oktoba 2014, pale mke wa Injinia alipopata kiharusi, akapooza upande mmoja na maneno yakapotea, na Injinia akawaandikia wenzake ujumbe kwamba yeye basi, waendelee na safari. Jumamosi iliyofuata alifungua mlango wa nyumba yake akawakuta wote wanne kizingitini na makaratasi yao, marehemu akiwa mbele, akasema, sogeza meza, leo darasa ni hapa. Tangu siku hiyo walisomea sebuleni kwa Injinia, mlango wa chumba cha mgonjwa ukiwa wazi ili asikie watu, na mke wa Injinia, ambaye naye yupo hapa leo kwenye kiti chake cha magurudumu, wanasema alianza kucheka kabla hajarudisha neno hata moja, na aliyemchekesha ni Afande na usomaji wake.

Mei 2015 marehemu alitetea tasnifu yake, akafaulu bila masahihisho makubwa, na wenzake watatu wakafaulu mwaka huo huo, akabaki Injinia. Sasa chuo kile kina kanuni kwamba mtu haitwi daktari mpaka atunukiwe siku ya mahafali, na mhitimu anaweza kuomba kuahirisha, basi mahafali ya Novemba 2015 yalipokaribia wote wanne waliahirisha, wanamsubiri Injinia. Mama alikuwa amekwisha kushona gauni la kuvalia siku hiyo. Novemba 2016 wakaahirisha tena, mama akalitoa gauni kabatini, akalinyoosha, akalirudisha, akamwambia marehemu, mwanangu, mimi umri wangu unaujua, hiyo digrii yenu inapikwa kwa mshumaa?

Familia ilikasirika, na leo hatutaficha. Tulimwambia kwamba huruma ina mpaka, kwamba Injinia ni mtu mzima na angeweza kuvaa lake baadaye, kwamba mama anazeeka, na yeye alijibu kwa sauti ileile ya barazani kwamba neno ni neno. Mwezi Februari 2017 alianza kulalamika tumbo na mgongo, akadhani ni uchovu, sisi pia tukadhani ni uchovu, maana lini hakuwa amechoka, na Mei madaktari wakatuambia ni saratani ya kongosho na imekwisha kusambaa. Hapo hasira yetu ikapata mtu wa kumkalia. Injinia alikuwa anakuja hospitali kila Jumatano, anakaa kwenye benchi la koridoni na begi lake magotini, na binti wa marehemu akawa anapita bila kumsalimia, na wajomba wakawa wanasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu walimponza mtoto wetu. Injinia hakukosa hata Jumatano moja. Agosti alitetea tasnifu yake, akafaulu, akaja siku hiyohiyo na suti yake kumwambia marehemu, na muuguzi wa zamu anasema aliingia anacheka akatoka analia.

Jumanne ya wiki iliyopita marehemu alipata nafuu kidogo, akaomba ainuliwe akae, na msomaji wa historia hii, ambaye alikuwa amechoka na moyo umejaa, akamwambia waziwazi, dada, huyu Injinia wako amekunyima joho. Marehemu akacheka, akakohoa, akanywa maji kidogo, kisha akasema, na haya ni maneno yake kama yalivyo, "Wee, Injinia alinipa sababu tu. Mimi ndiye sikutaka zile Jumamosi ziishe. Siku tukivaa majoho kila mtu anarudi kwake, na mimi narudi ofisini, nani ataniuliza tena wewe mwenyewe je?" Akapumzika, halafu akaongeza, "Umwambie wewe, tena mbele za watu, maana nikimwambia mimi atadhani namfariji."

Injinia, umesikia. Hukumnyima kitu, ulimwongezea miaka miwili ya mahali pa kupumulia, na familia inakuomba radhi kwa yale ya koridoni. Maneno hayo yametuuma sisi zaidi kuliko yatakavyokuuma wewe, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa naye siku zote sita zilizobaki za wiki, tukimpigia simu kumweleza shida zetu.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2017, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimnong'oneza habari za mpira ili amchokoze, majirani waliopika na kuosha vyombo vyetu bila kuulizwa, walimu na wanafunzi wa shule yake, ambao leo wamekuja kwa foleni iliyonyooka kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeipanga, na Matroni, Mhasibu na Afande, waliokesha nasi wakawa ndugu zetu.

Limebaki moja. Mahafali ni tarehe 25 Novemba, chuo kimekubali jina la marehemu lisomwe na shahada yake itolewe kwa familia, na ninyi wanne juzi mlikuja kutuambia kwamba bila yeye hamvai. Tumelipeleka jambo hilo kwa mama, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, na mama amesema mtavaa, wote, na yeye atakuja na gauni lake. Tulipomuuliza ni nani kati yetu atakayepanda jukwaani kupokea shahada ya mwanawe, tukidhani atamtaja binti au kijana, mama akasema, "Injinia ndiye aliyesubiriwa. Basi akampokelee."

Pumzika kwa amani, dada yetu. Kupumzika hukuwahi kukujua, lakini wewe ni mwepesi wa kujifunza.